Nyumba Iliyohamia Upande wa Kushoto

Kazi ya Mama Taa kiwandani ilikuwa kutazama chupa tupu. Zilitoka kuoshwa, zikapita kwenye mkanda mbele ya taa kali, naye akaziondoa zenye uchafu kabla hazijajazwa soda. Zamani alipokezana na mwenzake kila baada ya dakika ishirini ili apumzishe macho. Meneja akamwondoa mwenzake, akaongeza kasi ya mkanda, akasema mtu aliyekaa kitini hachoki.

Alhamisi asubuhi Mama Taa alifungua dirisha la kushoto akakuta ukuta. Kati ya nyumba yake na ya fundi cherehani ilikuwa imeingia nyumba ya vyumba viwili, yenye mlango wa kijani. Ilijibana kwa adabu, hata bomba la maji haikuligusa. Akavaa kandambili, akaenda kubisha hodi.

Alifungua mwalimu mmoja, mkono tumboni.

"Karibu, jirani. Utatusamehe, tumehamia bila taarifa. Jana tulilala ng'ambo ya mji."

"Hamna neno. Unaumwa, dada?"

"Tumbo. Wifi yangu alininunulia soda, kumbe ndani mna mjusi."

Mama Taa akaiona chupa mezani, ya kiwanda chao. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Chupa ile ilipita mbele yake, naye pengine alikuwa akipikicha macho.

Kiwandani alimweleza meneja kila kitu, na nyumba pia.

"Alinunua kwetu?" meneja akauliza.

"Dukani."

"Tena kanunua wifi. Sasa sisi na yeye tunajuana wapi?"

"Ni jirani yangu, bosi. Nirudishie mwenzangu, macho yangu hayatoshi."

"Kama ni jirani yako, msalimie."

Mama Taa akawa anampelekea mwalimu uji kila jioni. Mwalimu alikonda, akaacha kufundisha. Mwezi huo zilifika nyumba nyingine tatu, kila moja na mgonjwa wake wa soda. Fundi cherehani alisukumwa hadi kona ya mtaa, akanung'unika kwamba wateja hawamwoni tena. Nyumba ya meneja ilibaki na uwanja mtupu pande zote nne.

Jumatatu mkanda uliongezwa kasi tena. Mama Taa alirudi nyumbani macho mekundu, akaenda uani kufungua kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo mahali pekee palipobaki, na wanaokuja wangehitaji pa kuweka mlango.