Marobota Juu ya Mashine

Namba ilianza kushuka saa nne asubuhi. Harieth akasonya. "Si leo, jamani!"

Mashine yake ilihesabu chembe zinazotunyeshea usiku na mchana kutoka anga za mbali, zikipenya paa na zege bila hodi. Dhoruba ya jua ikiwa njiani huzifagia, namba ikashuka kabla dhoruba haijafika. Ikishafika, mawasiliano ya setilaiti huvurugika, na droni inayozitegemea hupotea. Kazi ya Harieth hapo Bariadi ilikuwa moja tu, kumwambia Method, mrusha droni za hospitali, arushe au asirushe.

Balaa ni kwamba walimpa chumba kilichokuwa chini ya ghala la pamba. Mwezi uliopita vibarua walirundika marobota ya pamba juu ya dari yake, yakazuia chembe, naye akadhani ni dhoruba na kuzuia safari siku nzima. Mji ulimcheka! Hata muuza chai alimwita Mama Dhoruba.

Simu ikalia. Alikuwa Method. "Dada, kuna mama kule Mkula, anaitwa Ng'washi. Amejifungua na damu haikati. Nina chupa mbili za damu hapa. Droni nusu saa, gari saa moja na nusu. Nirushe?"

Juu ya kichwa chake Harieth akasikia vishindo vya marobota. Asilimia mbili zilikuwa zimeshapotea. Aseme tena dhoruba? Wangemcheka tena.

"Rusha," akasema. "Ni pamba tu."

Moyo haukutulia. Akapanda ngazi mbio hadi ghalani.

"Mayu Harieth," akasema Maganga, msimamizi wa vibarua, akimwita mama kwa Kisukuma, "pamba yetu imeziba jua tena?" Wenzake wakaangua kicheko.

"Yatoeni haya, kaka Maganga, nakuomba. Kuna mtu anakufa."

Kicheko kikakatika. Waliyasukuma kwa mabega, jasho likiwatoka, na ndani ya robo saa sakafu ikawa tupu. Harieth akashuka akitegemea kukuta namba imepanda. Ilikuwa imeshuka asilimia nne.

Akapiga simu. "Method, nimekosea. Ni dhoruba kweli. Niliogopa kuchekwa."

"Mungu wangu! Imeshavuka nusu ya njia!"

"Ishushe ingali inakusikia. Popote penye barabara. Nesi wa Mkula apigie bodaboda wa hapo aipeleke damu."

Alimsikia Method akihema na kutaja mita: mia moja, sitini, ishirini. "Imetua. Uwanja wa shule." Dakika nne baadaye Method akamwambia setilaiti zinapotea kwenye skrini yake, moja baada ya nyingine.

Harieth hakuweza kukaa. Alizunguka chumba, akisali, akijilaani, akisali tena.

Baada ya nusu saa Method akapiga. "Stephania, yule nesi, kasema damu inaingia. Mapigo yamerudi. Dakika kumi zaidi tungempoteza." Akacheka kwa kuchoka. "Na unajua nini, dada? Ungesema dhoruba tangu mwanzo, ningetuma gari. Lingekuwa bado barabarani. Kosa lako ndilo limemwokoa."

Harieth akaketi sakafuni, akalia kwa furaha na kwa hofu. Aliitamani sana faraja ile.

"Usinipongeze," akasema mwishowe. "Nilipokwambia urushe, sikuwa nikimfikiria Ng'washi hata kidogo."