Shingo ya Milimita Thelathini na Nane

Mjomba aliishika ile shingo ya gitaa, akaigeuzageuza kama mtu anayeuziwa samaki wa jana, kisha akaibwaga mezani. "Nyembamba. Anza upya."

Aanze upya wapi! Randa, ndivyo walivyombandika jina karakanani kwa jinsi alivyopenda kuranda mbao, alijua anachofanya. Msumeno wa mjomba huyohuyo ulimla ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Tangu hapo gitaa likamshinda, kidole hakifiki ule uzi mnene. Bendi yake ikamwambia apumzike. Apumzike! Muziki umekuwa homa?

Basi akachonga vipande vya mbao chakavu, kila kimoja chembamba kuliko mwenzake, akavikumbatia kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Milimita arobaini na mbili, upana wa shingo za magitaa yote ya mjomba: kidole kinaelea hewani. Arobaini: bado. Thelathini na nane: hicho, kimegusa! Akachonga shingo kwa kipimo hicho, unene nao akaupunguza, na ndani akalaza chuma kinachokazwa kwa ufunguo ili isipinde.

"Nyuzi zitaipinda hiyo," mjomba alisema. "Na isipopinda, nani atainunua?"

"Nani kakwambia inauzwa?"

"Mpwa wangu, nimechonga shingo wewe hujazaliwa."

"Na zote, mjomba, umezipimia mkono wako."

Siku ya kufunga nyuzi mafundi waliacha kazi zao wakaja kushuhudia. Randa akakaza uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa mwisho, shingo ikaanza kupinda, na mjomba akakohoa kile kikohozi cha si-nilikwambia. Ikivunjika hii, bendi ndiyo basi tena. Akaingiza ufunguo kwenye kile chuma, akauzungusha polepole, akalaza rula juu ya shingo. Imenyooka! Akapiga, na kidole kifupi kikaukanyaga uzi mnene barabara.

Mafundi wakapiga vigelegele. Mjomba akanyoosha mkono. "Lete nijaribu."

Akajaribu. Vidole vyake vinene vikakanyaga nyuzi mbilimbili, gitaa likakoroma.

"Halipigiki hili!"

"Kwako wewe," Randa akasema, akalichukua gitaa lake, akalitia begani, akaenda zake mazoezini kwa bendi. Hawakuwa wamemwita.