Shina la Mgomba Lililozikwa Ijumbi

Mimi ni Ildefons Rwegasira, mwana wa Rugaibula, mwana wa Mwijage. Mwijage alikuwa msuluhishi wa mipaka ya vibanja, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, hapa Ijumbi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alisogeza mpaka hata kwa unyayo mmoja. Rugaibula alikuwa katekista kwa miaka thelathini. Mimi nilisoma shule ya kati, nikafundisha, kisha nikachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa. Nawaeleza haya, wajukuu zangu, ili mfahamu kwamba kosa ninaloliandika lilitendwa na mtu aliyelelewa vema.

Mujuni alikuwa mtoto wa marehemu kaka yangu. Mwishoni mwa mwaka 1978, vita vilipoingia Kagera, alikwenda na mgambo. Mwenzake, Lameki, akarudi na habari kwamba alimwona akianguka ng'ambo ya mto. Tulingoja hadi masika yakaisha, na mwili haukuletwa. Tukafanya ilivyo desturi kwa mtu aliyefia mbali: tukakata shina la mgomba, tukalivika shati lake, nami nikalishusha kaburini kwa mikono yangu, ndani ya kibanja chake. Kisha nikamsimika mdogo wake, Datius, kuwa omusika, mrithi wa nyumba na kibanja.

Julai 1980 Mujuni akarudi, akitembelea gongo. Alikuwa amelazwa hospitali ya huko ng'ambo ya mto zaidi ya mwaka, na miezi ya kwanza hakukumbuka hata jina lake. Alisimama uani kwangu, akanisalimu kwa heshima zote, akiniita tata, yaani baba.

"Tata, nimepita kwangu," akasema. "Kaburi langu mmelipalilia kuliko mgomba wowote. Pombe ya rubisi, ile ya matanga yangu, ilitosha?"

"Ilitosha."

"Basi sina lawama. Nionyesheni tu pa kulala."

Datius alikuwa amejifungia ndani ya nyumba ile aliyorithi. Desturi yetu husema kwamba aliyezikwa haingii kwa mlango wa mbele mpaka shina lifukuliwe, na hulifukua yule yule aliyelizika. Yaani mimi. Nilimwambia Mujuni kwamba lazima ukoo ukae kwanza. Akalala jikoni kwangu siku nne, kisha akaondoka bila kuaga.

Alikwenda Kitendaguro, pale Bukoba, ambako parokia ilifungua nyumba kwa ajili ya wapiganaji waliorudi wakakosa makao. Walipewa kitanda, wakasafishwa vidonda, wakafundishwa useremala. Lakini ilikuwa nyumba ya mapito: miezi sita, kisha mtu arejee kwao akiwa na barua kwamba anapokelewa. Asiye na barua alimpisha mwingine.

Sista Klaudia, mlezi wa nyumba hiyo, alinijia mwezi Septemba.

"Mzee Rwegasira, nataka karatasi moja tu. Kwamba Ijumbi inampokea."

"Sista, ukoo haujakaa."

"Mara ya mwisho ulikaa lini?"

"Tulipomzika."

Akanitazama. "Kumbe mkitaka mnakaa."

Kulifukua shina lile kungekuwa kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba mwana wa katekista Rugaibula alimwombea mgomba pumziko la milele. Nikauita woga wangu utaratibu. Kikao cha kwanza kikaahirishwa kwa kuwa Datius aliumwa. Cha pili, kwa kuwa watu walikuwa shambani. Mujuni akatuma salamu: amejitengenezea kitanda kwa mikono yake, na pembe yoyote ya kibanja itamtosha, hata nyuma ya jiko.

Wiki ya Noeli, miezi yake ikielekea kwisha, niliandika barua ya kumpokea. Niliiandika kwa mwandiko wa kishule, nikaigonga mhuri wa kijiji, nikapanda basi kwenda Bukoba.

Sista Klaudia alinipokea mlangoni.

"Tumemzika juzi, mzee. Kidonda cha mguu kilirudi, homa ikampanda. Nilitaka kutuma mtu kwenu. Akanikataza."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Kwetu nimeshazikwa, Sista. Msiwasumbue mara ya pili.'"

Alinipeleka kwenye uwanja wa parokia. Mujuni amelala kati ya wapiganaji wawili ambao hakuna ajuaye koo zao. Ninyi mnajua maana ya jambo hilo kwetu Wahaya, ambako mtu hulazwa katika kibanja chake, miguuni pa baba yake.

Nilimpa Sista ile barua. Akaisoma yote, akaikunja, akanirudishia.

"Imeandikwa vizuri," akasema.

Wajukuu zangu, mmesoma kuliko mimi, nanyi mtachaguliwa kuongoza vikao. Nawaagiza, wala siwaombi: atakayerudi nyumbani akiwa hai, mfungulieni mlango siku hiyo hiyo, mumpe chakula na mahali pa kulala. Desturi itimizwe akiwa ameketi ndani. Na yeyote kati yenu atakayemwambia angoje kikao, asijiite kitukuu cha Rugaibula.