Zamu ya Kuushika Mlima

Mchana wa Jumamosi iliyopita, ugali ukiwa haujatulia tumboni, Eleuter Mkude aliota ameangikwa ukutani.

Aliangikwa kwa ukosi wa shati, kwenye msumari uleule anaoangikia gitaa lake la besi sebuleni, nyumbani kwake Kichangani, Morogoro. Miguu ilining'inia. Hakuumia popote. Kilichomshangaza ni kwamba kwenye kochi, mahali pa wageni, zilikuwa zimeketi besi tatu zimekunja nne, ingawa besi hazina miguu.

Alizijua. Ndizo alizoletewa asubuhi ile na Bi Tabu Shomvi, mshona mapazia. Bi Tabu alikuwa amepiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi miaka ishirini na nane, na miaka yote hiyo gitaa lilikuwa la bendi. Bendi ilipokufa, gitaa likaenda na mwenye vyombo. Sasa, akiwa na miaka sitini, Bi Tabu alitaka besi yake mwenyewe, ya kwanza na ya mwisho. Dukani alikuwa amepewa tatu azijaribu, achukue moja, arudishe mbili kabla jua halijazama.

"Kaka Eleuter," alimwambia mlangoni, "mimi macho yangu yanazipenda zote. Nisikilizie wewe. Saa kumi nakuja."

Pale mjini wapo wapenzi wa besi wanaojiita Wazito. Hukutana kila Jumamosi kubishana juu ya nyuzi na mbao mpaka chai inapoa vikombeni, na katika Wazito wote hakuna sikio linaloaminika kama la Eleuter. Kazi yake ni kutengeneza mizani za maduka. Ni mtu aliyezoea tofauti ndogo. Walikuwa wakisema Eleuter anaweza kusikia skrubu iliyolegea shingoni mwa gitaa hata gitaa likiwa ndani ya kava.

Jambo ambalo Bi Tabu hakulijua, wala Wazito wengine, ni kwamba tangu masika ya mwaka juzi sikio la kushoto la Eleuter lilikuwa limeziba. La kulia nalo lilianza kuzikataa sauti nzito, zilezile za besi. Hakumwambia mtu. Watu walipozungumza, alitazama midomo yao na kutikisa kichwa. Siku ile alizipiga besi zote tatu, moja baada ya nyingine, na zote zikawa kama mtu anayepiga godoro. Akala, akalala, ili asifikiri.

Sasa yuko ukutani.

Wazito wana msemo: mtu hachagui besi, besi ndiyo humchagua mtu. Eleuter mwenyewe aliusema mara nyingi, akinyanyua kidole. Hakujua kwamba una siku yake ya kutimia.

Besi nyeusi inainuka kwenye kochi, inamgonga mgongoni. "Mti gani huu?"

"Mluguru," inajibu besi nyekundu, ikisoma karatasi iliyobandikwa kisiginoni mwa Eleuter. "Wa mlimani. Amekauka miaka hamsini na minane."

"Shingo imepinda."

"Shingo zote hupinda. Utakaza skrubu."

"Uzito?"

"Kilo sitini na nne, pamoja na ugali."

"Mwepesi," inasema nyeusi. Kisha inamshika sikio la kushoto na kulizungusha, kama mtu anayekaza uzi. Inazungusha tena. "Hiki kitufe hakifanyi kazi."

"Kinafanya kidogo," anasema Eleuter. Hapohapo anaona aibu, kwa kuwa amedanganya mbele ya magitaa.

"Na cha kulia?"

"Kinakwaruza."

"Arudishwe dukani," inasema nyeusi, na inarudi kuketi.

Besi ya tatu haikuwa imesema neno. Ilikuwa ya kahawia, nzee, rangi imechunika pale ambapo mikono ya watu wengi ilikuwa imeegemea. Ikakohoa.

"Mnahangaika na masikio ya nini?" ikauliza. "Tunatafuta mtu wa kusikiliza au mtu wa kupiga?"

"Si yuleyule?"

"Si yuleyule. Mshusheni. Anahitajika kazini."

"Kazi gani?" akauliza Eleuter, akishuka. "Leo Jumamosi."

"Ni zamu," ikasema ya kahawia. "Zamu haina Jumamosi. Nibebe."

Akaibeba. Wakapita mlango wa jikoni, na jiko halikuwepo. Walikuwa chini ya milima ya Uluguru.

Si kwenye bonde lake wala njiani kuipanda. Chini yake. Milima ilikuwa juu ya vichwa vyao kama dari ya ghala, mizizi ya miti ikining'inia, maji yakidondoka tone moja moja. Eleuter alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta ukuta. Hakuna ukuta. Akatafuta nguzo. Hakuna nguzo. Uluguru nzima, pamoja na mawe yake, ilikuwa imekaa hewani.

Wazito pia husema kwamba besi ndiyo nguzo ya nyumba.

Katikati ya uwanda ule lilikaa jiwe la mizani, lile la chuma la kilo ishirini, lenye pete kichwani, la aina ambayo Eleuter huitumia kupimia mizani za wauza nafaka. Jiwe lilikuwa linapiga besi. Halikuwa na mikono. Eleuter hakuuliza linapigaje, kwa sababu lilikuwa linapiga vizuri.

"Shikamoo," akasema. Ilionekana wazi jiwe limemzidi umri.

"Marahaba. Umechelewa."

"Sikuambiwa."

"Nani husema kila Jumamosi kwamba uzito ndio sauti?"

"Mimi."

"Basi uliambiwa, tena na mtu unayemwamini." Jiwe liliendelea kupiga. "Sikiliza, bwana Mkude. Nimeushikilia mlima huu tangu mvua ya kwanza kunyesha duniani, na kila mwaka naomba ruhusa mara moja. Nakwenda kupimwa."

"Wewe? Jiwe la kupimia?"

"Hasa mimi. Jiwe lisilopimwa huongopa bila kujua, na watu huliamini. Wewe ulipimwa lini?"

Eleuter akatazama miguu yake. "Nimekuwa na shughuli nyingi," akasema.

"Mimi nashikilia mlima," likasema jiwe, "na nafasi nimepata."

Halikusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma.

"Keti hapa. Ni noti moja tu. Usiibadilishe, usiipambe. Wengi huanza kupamba wakiona hakuna anayewatazama."

"Noti gani? Mzee, mimi siisikii."

"Nani alikwambia inasikika? Ingesikika, watu wa Mgeta huko juu wangelala saa ngapi?"

Likabingirika pembeni, likaenda zake polepole gizani. Eleuter akabaki na besi ya kahawia mapajani, na Uluguru kichwani.

Anaweka kidole. Anavuta uzi mnene.

Hakuna kitu.

Anavuta tena, jasho linamtoka, mizizi juu inaanza kutikisika. "Siisikii," anaiambia besi. "Nitauangusha. Mungu wangu, kuna watu huko juu."

"Umekaza kichwa," inasema besi. "Kichwa hakina kazi hapa. Kiache kipumzike."

Anakiacha. Anavuta mara ya tatu, na sauti inaingia kwa nyayo. Inapanda kwenye miundi, inafika magotini, inakaa nyongani, inagonga mbavu kutoka ndani kama mgeni aliyekuwemo nyumbani siku zote na leo ndipo anapotangaza kwamba yupo. Ni kama kuegemea ukuta wa mashine ya kusaga, asubuhi, mashine inapokubali mkanda. Ila mashine hii haina mwisho. Iko chini yake, iko juu yake, na imo ndani yake.

Mlima ukatulia juu ya sauti, kama kuku anavyotulia juu ya mayai.

Ndipo Eleuter akaanza kuwajua waliokuwa juu. Hakuwaona wala hakuwasikia. Alijua uzito wao. Alijua mito yote, ule mkubwa na kale kajito kanakokauka Oktoba. Alijua mashamba ya kabichi, kila kabichi na umande wake. Mwanamke mmoja alikuwa anashuka na tenga la karoti, na mguu wake wa kulia ulikuwa unamsumbua. Kengele ya kanisa ilikuwa imening'inia kimya. Zahanati moja ilikuwa na kitanda, kitanda kilikuwa na mtoto mchanga wa kilo mbili na nusu, na mtoto alikuwa amelala usingizi kwa sababu ardhi haitikisiki. Miaka thelathini na tatu Eleuter alikuwa ametengeneza mizani, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa anapima kitu bila mizani, na kitu chenyewe kilikuwa kila kitu.

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini.

Chozi likadondokea uzi. Kidole cha pete kikateleza.

Uluguru ikainama upande mmoja, kidogo tu, kama unene wa ukucha. Mahali fulani juu kitu kikaanguka, pu! Eleuter hakuvuta pumzi. Akakirudisha kidole mahali pake, akavuta uzi, mlima ukajiweka sawa. Mizizi ikabembea mara mbili, ikasimama.

"Umesikia?" ikauliza besi ya kahawia.

"Nimesikia," akasema Eleuter. Na ilikuwa kweli.

Hakujua alikaa pale muda gani. Jiwe likarudi likibingirika, linang'aa kidogo.

"Vipi huko?" akaliuliza.

"Nimekutwa nimepungua gramu mbili."

"Ukawaambia?"

"Waliona wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kwenda."

"Hawakucheka?"

"Acheke nani? Walinitoboa chini, wakanitia madini ya risasi kidogo, wakapiga muhuri. Iliuma kama sindano. Sasa ni kilo ishirini tena." Jiwe likatega sikio. "Kuna mtu ameteleza hapa."

"Mimi," akasema Eleuter.

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Zamu yangu ya kwanza niliteleza kumi na tisa," likasema jiwe. "Kule ambako sasa ni tambarare, kulikuwa na kilima. Haya, nipishe. Una mgeni saa kumi."

Eleuter alizinduka kitandani, shuka limemzunguka miguu. Mkewe, Felisiana, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akikunja nguo zilizotoka kuanikwa.

"Mama Sabina," alisema kabla hajapata muda wa kuogopa. "Sikio langu la kushoto halisikii. Na la kulia linaondoka."

Felisiana hakuacha kukunja. "Najua."

"Unajua?"

"Mwaka wa pili huu nakaa kulia kwako, mezani, kanisani, hata humu kitandani. Wewe ulidhani napenda dirisha?"

Eleuter alijiona kama mtu aliyeficha ng'ombe chini ya kitambaa cha meza.

"Bi Tabu akija nitamwambia," alisema mwishowe. "Kisha nitaziegemeza kifuani zote tatu, moja moja, yeye apige. Itakayonifika mbavuni nitamwonyesha. Akitaka kutafuta sikio la mtu mwingine, ni haki yake. Na Jumatatu nitakwenda hospitali."

"Tutakwenda," alisema Felisiana. Akaweka shati juu ya mashati mengine, akalilainisha kwa kiganja. Kisha akasogea, akaketi karibu zaidi na sikio la kulia.

"Ulipokuwa umelala, dada Melania alipiga simu kutoka Mgeta. Anacheka, lakini nahisi ameogopa. Anasema walikuwa wamekaa wanakula, upepo hakuna, wala mtu shambani hakuna, mkungu wa ndizi ukaanguka wenyewe. Na kikombe kikateleza mezani mpaka ukingoni, halafu kikarudi."

"Kikarudi?"

"Ndivyo anavyosema. Kama mtu amekosea, akajirekebisha haraka."

Eleuter alikiingiza kidole cha pete chini ya shuka.

"Mkungu wenyewe ulikuwa umekomaa?" akauliza.