Mafuta ya Upako Juu ya Kioo

Kwetu Kasikeu hakuna kitu kipya kinachoanza kazi kabla hakijaombewa. Mashine ya kusaga ya jirani iliombewa. Pikipiki ya binamu yangu iliombewa na kupakwa mafuta hadi kwenye breki, jambo nililoliona la hatari, lakini nani angeniuliza mimi. Kwa hiyo nilipofika nyumbani wikendi ile na boksi la sampuli zangu, nilijua mama yangu, Wayua, hataliacha lipite hivi hivi.

Ndani mlikuwa na vipande vya kioo vidogo kama ukucha wa gumba, kila kimoja kikiwa na tando mbili nilizozitengeneza katika maabara ya chuo, Kitui. Utando wa juu hunasa mwanga wa jua. Wa chini hupokea elektroni zinazoamshwa na mwanga huo. Ukiziweka tando hizo kando ya utando wa maziwa yaliyopoa, ule wa maziwa utaonekana blanketi. Dai langu, lililobeba shahada yangu nzima ya uzamifu, lilikuwa kwamba elektroni huruka kwenda chini upesi, kabla hazijapotea. Kulithibitisha kulihitaji leza ya mipigo mifupi mno. Leza hiyo ilikuwa Kitui kwa mkopo, nami nilipewa wiki moja tu kabla haijarudishwa kwa wenyewe Ulaya.

Mama aliniuliza mashine hiyo inafanya nini hasa.

"Inapiga utando na mwanga," nikamwambia, "halafu inatuma mwanga mwingine nyuma yake kuuliza kumetokea nini."

"Inangoja kiasi gani kabla iulize?"

"Kidogo sana, Mwaitu," nikasema, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. "Chukua sekunde moja, gawa mara milioni. Halafu kila kipande gawa tena mara milioni."

Alifikiri huku akichambua ndengu. "Basi hiyo haipatii mtu nafasi ya kutunga uongo," akasema. Nilicheka, na mpaka leo sijapata maelezo bora ya kazi yangu.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja, wakaweka mikono juu ya boksi na kuomba mpaka chai ikapoa. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba boksi lisifunguliwe. Waliitikia wote, mama akiwa wa kwanza.

Jumanne, kule Kitui, mstari kwenye skrini ulipanda ghafla pale mipigo miwili ilipokutana, kisha ukashuka mara moja, mwembamba kama mwiba. Hiyo ndiyo dalili niliyokuwa nikiitafuta. Nilipima pia kioo kitupu kilichokuwa kimebaki maabara, na mwiba haukutokea, kwa hiyo niliamini kwamba umetoka kwenye tando. Msimamizi wangu, Dkt. Kivuva, ambaye husifu kama mtu anayeng'olewa jino, alisema, "Hii ni nzuri." Nilimpigia mama papo hapo. Kufikia Jumatano alikuwa ameshashuhudia kanisani kwamba Mungu amemfanyia mwanawe Nzisa makuu.

Alhamisi nilikuwa nimeshika kipande kimoja karibu na dirisha nilipoona rangi za upinde wa mvua zikitambaa juu yake, na ndani ya rangi hizo mistari ya kidole gumba. Nilikinusa. Mafuta ya mzeituni. Nikachukua simu.

"Mwaitu," nikasema kwenye simu, "ulifungua boksi?"

"Asubuhi yenye ulitoka, ukioga. Nilipaka kila moja, nikaeneza vizuri isibaki mahali. Kwani maombi ya nje ingetosha?"

"Umenimaliza," nikamwambia, nikakata simu. Sikuwahi kumkatia mama simu maishani mwangu.

Nilipaka mafuta kwenye kile kioo kitupu, nikakiweka mbele ya leza. Mwiba ukasimama pale pale. Kwenye droo mlikuwa na kipande kimoja nilichokikataa kwa sababu kona yake ilimeguka, na hicho hakikuwa kimefika Kasikeu. Nilipokipima, hapakuwa na mwiba wowote. Elektroni zilibaki juu na kufia huko huko.

Grafu nzuri ilikuwa bado kwenye kompyuta, na niliitazama kwa muda mrefu. Nani Ulaya angenusa mafuta ya Kasikeu ndani ya grafu? Niliitaka sana. Kisha nikaenda kumwambia Dkt. Kivuva, naye akavua miwani, akasema tutaomba zamu nyingine mwakani, wenyewe wakikubali.

Jumamosi nilimweleza mama kwa simu. "Nimesikia," akasema, basi. Kesho yake nilikwenda nyumbani nikiwa bado na hasira yangu, na nikaketi naye kanisani kwa sababu ndivyo tunavyoketi. Mchungaji alimwita mbele atoe shukrani. Nilidhani ataomba udhuru.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Jumatano nilishuhudia hapa ati kazi ya Nzisa imefaulu," akasema. "Hiyo ushuhuda naitoa. Kazi haijafaulu. Ile kitu ilionekana kwa mashine ni mafuta yangu. Aliniambia nisifungue, na mimi nikafungua."

Kanisa letu linajua kushangilia na linajua kulia, lakini kurudishiwa ushuhuda halikujua. Mtu mmoja alianza kusema amina, akaishia njiani. Mama alirudi akaketi kando yangu. Nilimwonea huruma na nikajivunia yeye kwa pamoja, na ile hasira niliyotoka nayo Kitui sikuiona tena. Nilimshika mkono.

"Utatengeneza zingine?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nitatengeneza. Lakini sijui kama mashine itarudi, na ikirudi sijui kama itakubaliana na mimi."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua kitabu cha nyimbo.

"Basi hiyo tusishuhudie bado," akasema.