Tambi za Gozbert

Jovitha alirudi nyumbani Kibeta Jumamosi mchana akiwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa ameinamia kahawa kiwandani, akichambua punje mbovu, na sasa mgongo ulikataa kunyooka. Alichotaka ni kujilaza tu. Lakini mumewe, Gozbert, alikuwa amejikokota mpaka jikoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiutazama mfuko wa atta, unga wa ngano isiyokobolewa, alionunuliwa jana.

Gozbert alikuwa mpishi. Miaka mingi aliwapikia wageni katika nyumba moja ya wamisionari mjini Bukoba, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza tambi kwa mkono. Kwake, hata hivyo, hakuwahi kushika mwiko. Jiko lilikuwa la mkewe, na watu wa kwao wangemshangaa. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito, na hamu ya chakula ikamtoka kabisa. Jovitha alipika, akabembeleza, akamwaga. Juzi tu ndipo mumewe aliposema, neno moja moja, kwamba anatamani kitu: tambi, tena si za pakiti, bali za kusukuma nyumbani, za unga usiokobolewa, maana daktari alikuwa amemwonya kuhusu sukari.

Basi Jovitha akanawa mikono. Akamimina unga juu ya meza, akafanya shimo katikati, akavunjia mayai na kutia chumvi. Alikanda kama anavyokanda chapati, lakini donge lilikuwa gumu, na alipolisukuma likapasuka kingo zote. Akalikusanya, akasukuma tena. Likapasuka tena. Machozi yakamlengalenga, naye hakujua ni ya donge au ya miezi yote ile.

Hapo ndipo wifi yake Kokubanza alipoingia, ametoka Rubafu na mkungu wa ndizi kwenye bodaboda. Alimkuta kaka yake jikoni na unga umetapakaa kila mahali. Akasalimia, akauliza kinachoendelea, na alipoelezwa akaguna. Alisema kaka yake amekuzwa kwa ebitoke, ndizi za kupika za kwao, na kama anakonda ni kwa sababu analishwa vitu vya wageni.

Jovitha aliliacha donge mezani. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imejaa unga.

"Maji," Gozbert akasema. Wote wawili wakamgeukia. Akavuta pumzi, akalitafuta neno jingine. "Maji kidogo. Funika. Liache lipumzike."

Hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja tangu augue. Jovitha akainuka, akalowesha donge kidogo kidogo, akalikanda mpaka likalainika, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Wakati wakingoja, Kokubanza alikaa kizingitini akamenya ndizi zake, na Jovitha akakaanga vitunguu na nyanya.

Mara hii donge lilikubali. Likatanda juu ya meza, jembamba, la rangi ya udongo, lenye vidoadoa vya pumba. Lilipozidi kuwa refu likaanza kuning'inia pembeni, na Kokubanza, bila kuombwa, akaacha ndizi, akanawa, akaja kulishikilia upande wa pili.

Jovitha alipochukua kisu, Gozbert akanyoosha mkono wa kushoto.

"Utajikata, Baba Renatha," mkewe akamwonya.

"Nipe."

Akampa. Alikata polepole sana, ulimi umetokeza pembeni mwa midomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Vipande vilitoka vinene, vyembamba, vingine vimepinda. Jasho lilimtiririka. Jovitha alisimama karibu yake, miguu ikimwuma, akatamani kumsaidia ili wamalize upesi, akajizuia. Kokubanza aligeuka akatazama nje.

Tambi zikatupwa kwenye maji yanayochemka, zikaiva, zikachanganywa na nyanya. Gozbert alijilisha mwenyewe kwa uma. Nyingi zilidondoka kifuani. Alitafuna kwa muda mrefu, na wanawake wale wawili wakamwangalia mdomoni.

"Zimekaa motoni mno," akasema hatimaye.

Jovitha hakujua acheke au amrushie sahani. Siku nzima amesimama, na shukrani ndiyo hiyo. Lakini alikuwa hajamsikia mumewe akilalamikia chakula tangu mwaka jana. Mgonjwa aliyekuwa akiishi naye hakulalamika, alisukuma tu sahani. Huyu aliinama akala tena.

"Hizo ulizokata nene ndizo hazijaiva," Kokubanza, ambaye naye alikuwa amejipakulia, akamwambia kaka yake.

Jovitha akaketi chini, akaegemea ukuta, sahani mapajani. Alikula kidogo, akasinzia. Aliposhtuka, wifi yake alikuwa anaosha sufuria, na Gozbert, shati limejaa mchuzi, alikuwa anakwangua sahani.

"Lala tu, waitu," Kokubanza akasema, akimwita kwa upole wa Kihaya. "Nipo."

Jovitha akafumba macho.