Kifuniko cha Nyuma

Mama mkwe aliifunga saa mkononi, akaifungua, akairudisha mezani. Alisema si yake, kisha akaendelea kukunja nguo.

Mkamwana wake alikuwa bado amesimama, mkoba begani. Ilikuwa saa ndogo ya kike, ya zamani, uso wake mdogo kuliko ukucha wa dole gumba, mishale yake myembamba kama uzi. Baba mkwe, sasa marehemu, alimpa mkewe walipooana. Ilipoanza kuchelewa, mkamwana alijitolea kuipeleka kwa fundi. Yeye peke yake aliitoa nyumbani na yeye peke yake aliirudisha. Kama ilibadilishwa, hakukuwa na mwingine wa kuulizwa.

Alivuta kiti akaonyesha ushahidi: doa la rangi ya chai karibu na namba nne, mshale mfupi uliopinda kidogo, kitufe cha kutia ufunguo kilicholika upande mmoja. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. Akajibu kwamba vitu hivyo macho yake yaliacha kuviona zamani, lakini mkono wake hauhitaji miwani, na saa hii haikai ilivyokuwa ikikaa.

"Sijasema umeiba, mwanangu. Nimesema si yangu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kabla ya chakula cha jioni wifi alikwisha kupiga simu, akauliza, kwa upole usio wake, kama fundi huyo ni mtu wa kuaminika. Hakuuliza kuhusu uaminifu wa mtu mwingine yeyote. Hakuwa na haja.

Asubuhi mkamwana alifika kwa fundi kabla hajafungua. Mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu moja la macho yake halikutoka kwenye lenzi. Jicho aliifungua saa, akainama, akasema mashine ni ileile. Kulikuwa na skrubu yenye kichwa kilichopasuka ambayo ilimtesa vya kutosha, asingeisahau.

Jibu hilo lilipaswa kumtuliza. Badala yake lilileta hofu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Uso ni wenyewe, mishale ni yenyewe, mashine ni yenyewe. Basi labda kilichoanza kuharibika ni kumbukumbu ya mama. Nani angemwambia mumewe hilo, na nani angemwamini yeye?

Alikuwa mfamasia. Kazini kwake hakuna anayefungua chupa mbili za dawa kwa wakati mmoja, maana vizibo hufanana. Aliitazama meza ya Jicho: saa kadhaa zilikuwa wazi, na vifuniko vyake vimelala pamoja ndani ya kikombe kimoja cha dawa ya kusafishia.

"Siku ile ulikuwa na nyingine ya aina hii?"

Jicho aliitoa lenzi. Alikuwa nayo, ya mwalimu wa muziki.

"Ulijuaje kifuniko kipi ni cha ipi?"

"Vyote viliingia sawasawa," alisema polepole, akachukua simu.

Mwalimu alikuja mchana, akalalamika kuhusu joto na kuhusu mafundi, lakini aliitoa saa yake. Jicho alivibadilisha vifuniko. Kwenye ukingo wa kile kilichotoka kwenye saa ya mwalimu palikuwa na kovu dogo. Mkamwana alipitisha kidole mara kadhaa kabla ya kulihisi, na hata hapo hakuwa na hakika kwamba ndilo.

Nyumbani aliiweka saa mezani bila maelezo. Mama mkwe aliifunga, akapenyeza ncha ya dole gumba chini yake. Mkamwana alianza kutunga maneno ya kujitetea.

"Marehemu aliifungua kwa kisu cha jikoni," mama mkwe alisema. "Alitaka kujua inavyofanya kazi. Nilimnunia mpaka akakoma kuniuliza ni saa ngapi."

Mkamwana akamweleza habari za kikombe na vifuniko viwili. Alipomaliza, mama mkwe alimtaka ampigie wifi yake.

"Nimwambie nini, mama?"

"Wewe piga tu. Mwenye kusema ni mimi."

Mkamwana alibonyeza namba, akakosea. Akabonyeza tena, akakosea tena, na mama mkwe akawa anasubiri, mkono umenyooshwa.